Nyumba Isiyo na Ngano Si Nyumba ya Njaa



Mgeni akifika asubuhi, wengi wetu tunaona haya kumwekea kiazi kitamu. Kiazi kimekwisha iva, kimo chunguni, lakini tunakificha. Mtoto anatumwa dukani akalete mkate. Tumejizoeza kuona kwamba chai bila ngano si chai.

Mimi nasema mazoea hayo si mazuri. Yanatumalizia fedha. Tena, kwa baadhi ya watoto, ngano huleta ugonjwa.

Sisemi ngano ni sumu. Ni chakula kizuri kwa watu wengi, na anayependa chapati ale. Lakini wapo watu wachache ambao ngano huwadhuru. Tuwafahamu, na tujue namna ya kuwapikia.

Chukua donge la unga wa ngano uliokandwa. Livute. Linavutika kama mpira. Kinacholifanya livutike huitwa gluteni. Gluteni imo katika ngano, katika shayiri na katika nafaka ya Ulaya iitwayo rai. Haimo katika mahindi, mchele, mtama, ulezi, uwele, muhogo, viazi, ndizi wala kunde.

Kuna ugonjwa uitwao siliaki. Mwenye ugonjwa huu akila gluteni, utumbo wake mwembamba huharibika. Utumbo ndio unaofyonza chakula na kukipeleka mwilini. Ukiharibika, mtoto anakula lakini chakula hakimfaidii. Huweza kuharisha kwa muda mrefu. Tumbo huweza kuvimba, damu ikapungua, na mtoto akadumaa. Ugonjwa huu hauambukizi, wala si uchawi. Tiba yake ni kuacha gluteni kabisa, maisha yote.

Jambo hili lilijulikanaje? Huko Uholanzi alikuwako daktari wa watoto, Willem Karel Dicke. Aliwachunguza watoto wenye ugonjwa huu kwa miaka mingi. Mwaka 1944 hadi 1945 nchi yao ilikuwa vitani, ikapata njaa kubwa. Mkate ukaadimika. Daktari aliona watoto hao wakipata nafuu, ingawa wengine walikuwa wakidhoofika kwa njaa. Mkate uliporudi, wakaugua tena. Mwaka 1950 alitoa maandishi akaeleza kwamba ngano ndiyo iliyowadhuru.

Lakini sikiliza vizuri. Si kila mtoto anayeharisha ana siliaki. Maji machafu huharisha. Minyoo na wadudu wengine wa tumboni huharisha pia. Kwa hiyo mpeleke mtoto zahanati kwanza. Mganga akiona dalili za siliaki, atamwandikia barua aende hospitali kubwa apimwe damu. Wala usimwachishe ngano kabla ya kupimwa. Ukimwachisha mapema, kipimo kinaweza kushindwa kuonyesha ugonjwa.

Sasa tuje jikoni. Katika nchi zinazotegemea ngano, mgonjwa wa siliaki hununua unga maalumu wa bei kubwa. Wewe mkulima unao tayari, umo ghalani mwako. Tazama chakula cha siku moja.

Asubuhi: pika uji wa ulezi. Ukikaribia kuiva, tia karanga zilizotwangwa zikalainika. Koroga, acha uchemke mpaka uive. Uji huo unashinda chai ya rangi na andazi.

Mchana: ugali wa mahindi au wa mtama, kwa maharage au dagaa, na mboga za majani. Au pika makande. Chakula chetu cha kila siku hakina gluteni hata kidogo.

Vitafunio: hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Jaribu hivi viwili.

Bajia za kunde. Loweka kunde vikombe 2 usiku kucha. Asubuhi zisugue maganda yatoke, uzioshe. Zitwange mpaka zilainike. Tia kitunguu kilichokatwakatwa, chumvi na pilipili kidogo. Usizidishe maji. Finyanga madonge madogo, uyakaange kwenye mafuta ya moto mpaka yawe ya rangi ya kahawia. Kunde hujenga mwili wa mtoto.

Vitumbua. Loweka mchele vikombe 2 usiku kucha. Uchuje, uutwange uwe laini. Tia tui la nazi kikombe 1 na nusu, sukari nusu kikombe, na hamira kijiko kidogo 1. Kama huna nazi, tia maziwa. Funika mpaka uumuke. Choma katika kikaango cha vitumbua chenye mafuta kidogo, ugeuze upande wa pili.

Na siku ambayo huna nafasi ya kupika? Chemsha viazi au ndizi. Kaanga karanga. Wasukuma wanazo michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Hukaa ghalani muda mrefu. Je, hicho si kitafunio?

Yako mambo matatu ya kuangalia.

Kwanza, vyombo. Kwa mwenye siliaki, hata unga kidogo wa ngano humdhuru. Usikaange bajia zake katika mafuta yaliyokaangia maandazi. Usisage unga wake mara baada ya ngano katika mashine ile ile. Unga wa lishe wa dukani, uliza kwanza umechanganywa nini.

Pili, muhogo mchungu. Una sumu. Umenye, uuloweke siku 3 au 4, uuanike mpaka ukauke kabisa, ndipo usage. Mwaka 1985 huko Tarime watu walipooza miguu kwa ugonjwa wa konzo, kwa sababu ya kula muhogo mchungu ambao haukutayarishwa vizuri.

Tatu, ukungu. Mahindi na karanga zenye ukungu usile, wala usimpe mtoto. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, sumu inayoletwa na ukungu katika nafaka. Anika mazao yakauke sawasawa kabla ya kuyaweka ghalani.

Wako watakaosema, "Haya ni mambo ya wagonjwa wachache, sisi yanatuhusu nini?" Yanatuhusu sote. Shilingi inayonunua mkate kila siku ingenunua mayai, sabuni au daftari. Na mtoto aliyezoeshwa kuona kiazi ni aibu atalidharau shamba lililomlea.

Kina baba, msidai mkate mezani kama alama ya heshima. Kina mama mnaouza maandazi karibu na shule, kaangeni na bajia pia, mkianza na bajia mafuta yakiwa bado safi. Pengine katika shule hiyo yumo mtoto mmoja ambaye ngano inamwumiza. Wenzake wakila saa nne, naye apate cha kula, asikae pembeni akiwatazama.