Dozi Nusu, Ugonjwa Mzima
Kila homa inapopanda mtaani, wasifiaji wa zamani huibuka: eti wazee walikunywa mwarobaini, wakajifukiza mkaratusi, wakapona bila kumwona daktari. Waliopona ndio wanaosimulia. Waliozikwa hawana wa kuwasemea. Ni kweli, bibi zetu walituachia asali na tangawizi, ambavyo hulainisha koo hadi leo. Lakini wapo waliowanywesha watoto kijiko cha mafuta ya taa kutuliza kikohozi, na mafuta hayo yakipenya mapafuni yanaweza kuua. Dukani nako hakukuwa na nafuu kubwa. Klorokwini, ile chungu iliyowawasha wengi mwili mzima, iliuzwa vidonge viwili viwili kando ya chumvi na kiberiti, huku vimelea vya malaria vikizidi kuwa sugu. Mwaka 2001 Tanzania Bara ikaiacha na kushika SP, yaani sulfadoksini na pirimethamini, kisha 2006 ikahamia dawa mseto. Na mseto huo una dawa inayotokana na artemisinini, iliyopatikana katika mmea wa tiba ya kale ya Wachina. Tu Youyou, aliyeongoza utafiti wake, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Basi tusigombanishe mizizi na vidonge. Kinachotibu ni dawa iliyochunguzwa, ikanywewa kwa kipimo, ikamalizwa. Anayenunua leo vidonge vinne vya antibiotiki kwa kuwa pesa zimeishia hapo, na muuzaji anayemkatia, wanatuandalia klorokwini nyingine.