Motisha si ari: somo la migomo ya walimu

Kila walimu wetu wanapogoma, husikika sauti mbili. Ya kwanza husema kwamba mkono mtupu haulambwi, hivyo serikali na ilipe. Ya pili huwakumbusha walimu kwamba kazi yao ni wito. Yafaa tuzipime sauti hizi, kwani kila moja imeshika nusu tu ya ukweli.

Nianze na lugha, ambayo ndiyo taaluma yangu. Katika Kiswahili, motisha hutolewa: mwajiri humpa mfanyakazi motisha. Ari hukaa ndani ya mtu. Yaweza kuchochewa, lakini haikabidhiwi kama posho. Neno hili lenye asili ya Kiarabu limefungamana na aibu na heshima. Mwenye ari huona haya kufanya kazi ovyo, hata pasipo wa kumwona.

Mwaka 1959 Frederick Herzberg wa Marekani alieleza tofauti iliyo karibu na hiyo, baada ya yeye na wenzake kuwahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200 mjini Pittsburgh. Walipoeleza yaliyowaudhi kazini, walitaja zaidi sera za mwajiri, usimamizi na mazingira, pamoja na mshahara. Walipoeleza yaliyowafurahisha, walitaja kufanikiwa, kutambuliwa, jukumu na kazi yenyewe. Kwa ufupi, malipo duni huua ari, ilhali malipo mema peke yake hayaizai.

Hapa ndipo wahubiri wa wito hupotoka. Husikia kwamba fedha si kila kitu, wakafasiri kwamba fedha si kitu. Herzberg hakusema hivyo. Msingi wa nyumba hauwi paa, lakini hakuna paa lisilo na msingi.

Tutazame mfano wa Kianyaga, katika Kaunti ya Kirinyaga, ambako chai na kahawa ndizo tegemeo la wengi. Mkulima wa chai hulipwa kwa kilo alizopeleka, kisha husubiri bonasi. Bonasi ikipungua hunung'unika, lakini angalau anajua uhusiano uliopo kati ya jasho lake na malipo yake. Victor Vroom, mwaka 1964, alifundisha kwamba mtu hujitahidi anapoamini kuwa juhudi yake itazaa tunda, na kwamba tunda hilo litamfikia.

Mwalimu wa Kianyaga, kama mwenzake wa kwingineko nchini, amepewa sababu gani ya kuamini hivyo? Mwaka 1997 serikali iliafikiana na chama cha KNUT juu ya nyongeza ya asilimia 150 hadi 200, iliyokusudiwa kutolewa kwa awamu katika miaka mitano. Mwaka uliofuata walimu walirudi katika mgomo kwa sababu ahadi haikutimizwa. Mwaka 2024 ikawa zamu ya walimu wanagenzi wa sekondari msingi, waliokuwa na shahada au stashahada na kufundisha kama wengine, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Wapatao 46,000 waliingizwa katika ajira ya kudumu Januari 2025, lakini wanagenzi wengine 20,000 wakachukuliwa kwa mtindo ule ule.

Tangu mwaka 2016, Tume ya Huduma za Walimu imewatathmini walimu kwa mfumo wa TPAD. Tathmini si dhambi. Tatizo ni saa za kujaza fomu na kukusanya ushahidi. Douglas McGregor alionya mwaka 1960 kwamba msimamizi anayewadhania watu uvivu huweza kuuzalisha uvivu huo huo. Mwalimu akishaona kwamba kinachotazamwa ni karatasi, ataitengeneza karatasi, naye mwanafunzi atasubiri.

Naamini basi kwamba utaratibu ufaao ni huu: kwanza haki, kisha imani, ndipo sifa. Mwalimu alipwe kwa kazi anayoifanya, ahadi zilizotiwa sahihi ziheshimiwe, naye aachiwe nafasi ya kuamua mambo ya darasa lake. Wito ni neno ambalo mwalimu ana haki ya kulitamka juu ya nafsi yake. Likitoka kinywani mwa mwajiri siku ya mshahara, huwa ni kisingizio tu.