Toleo Jipya, Bora kwa Nani?

Mwenzangu mmoja anayefundisha sayansi ya kompyuta alinijia ofisini majuma mawili yaliyopita, amenuna. Alikuwa amesikia kwamba katika mhadhara wa sera za umma niliwaambia wanafunzi kuwa mabadiliko ya karibuni ya kivinjari cha Chrome si maendeleo bali ni unyang'anyi. "Daktari," akaniambia, "siasa tumekuachia. Haya ya kompyuta tuachie sisi." Tulibishana hadi chai ikapoa. Nilikiri kwamba siku ile ya mhadhara neno unyang'anyi lilikuwa kali kuliko ushahidi niliokuwa nao mkononi. Tangu hapo nimeurejea ushahidi kwa utulivu, na leo nalitamka neno hilo tena, safari hii kwa maandishi.

Kwa msomaji asiyefuatilia mambo haya, kisa ni hiki. Kivinjari huweza kuongezewa programu ndogo ziitwazo viendelezi. Miongoni mwa vilivyopendwa sana ni vile vinavyozuia matangazo, na hodari wao ni uBlock Origin, kazi ya Raymond Hill, anayekitoa bure na kuuacha msimbo wake wazi kwa yeyote atakaye kuukagua. Kila ukurasa unapotaka kuvuta kitu kutoka seva nyingine, iwe picha ya tangazo au kipande cha msimbo cha kukufuatilia, kiendelezi hiki hulisimamisha ombi, hulichunguza, kisha huamua lipite au lisipite. Mwishoni mwa mwaka 2018 Google ilitangaza kanuni mpya za viendelezi, Manifest V3, ambazo chini yake kiendelezi cha mtu wa kawaida hakiwezi tena kusimamisha ombi namna hiyo. Kinachoruhusiwa ni kukikabidhi kivinjari orodha ya masharti yenye kikomo, halafu kivinjari chenyewe ndicho kinachoamua. Baada ya kuahirishwa zaidi ya mara moja, kanuni za zamani zilianza kuondolewa mwaka 2024, na kufikia mwaka 2025 zikafutwa. uBlock Origin kikazimwa ndani ya Chrome. Kimebaki ndugu yake mdogo, uBlock Origin Lite, chenye uwezo pungufu.

Mwenzangu hana hoja dhaifu, na si haki kumsingizia hivyo. Anasema kanuni za zamani zilikuwa hatari, kwa kuwa kiendelezi kiovu kiliweza kusoma kila unachofungua. Ni kweli, na viendelezi viovu vimewahi kupatikana mara nyingi. Anasema kanuni mpya zinakataza kiendelezi kuvuta na kuendesha msimbo kutoka mbali baada ya kukaguliwa. Hilo nalo ni jema, nalipongeza bila kinyongo. Anasema viendelezi sasa havikai vikila kumbukumbu ya kompyuta muda wote. Sawa. Mimi mwenyewe natumia kompyuta ya zamani ambayo ikifunguliwa vichupo kumi huanza kuhema.

Lakini tuitazame hoja ya usalama kwa makini, maana ndiyo inayobeba mzigo wote. Chini ya Manifest V3, kiendelezi kilichopewa ruhusa bado kinaweza kuyatazama maombi yanayotoka kwenye kivinjari chako. Kilichoondolewa ni uwezo wa kuyazuia. Kama hofu ilikuwa jasusi, basi jasusi hakuguswa. Aliyefungwa mikono ni mlinzi. Tena, uwezo huohuo wa kuzuia haukufutwa kwa watu wote. Umebakizwa kwa viendelezi vinavyowekwa na wasimamizi wa mifumo katika makampuni na taasisi. Mwenzangu hujibu kwamba msimamizi ni mtaalamu anayejua anachokiweka. Pengine. Lakini hapo tumekwisha kutoka kwenye swali la teknolojia na kuingia kwenye swali la nani anaaminiwa na mashine aliyoinunua kwa fedha yake, na hilo, kwa heshima zote, ni swali langu mimi wa siasa.

Kuna ushahidi mwingine ambao wanafunzi wangu waliuelewa haraka kuliko mimi. Firefox ya Mozilla nayo imezipokea kanuni za Manifest V3, ikakataza msimbo wa kutoka mbali, na papo hapo ikauacha uwezo wa kuzuia maombi mahali pake. uBlock Origin kinaendelea kufanya kazi humo bila kupunguzwa. Kumbe yale mema yote anayoyasifu mwenzangu yaliweza kupatikana bila lile moja baya. Yalifungwa katika furushi moja kwa uamuzi wa wenye kufunga, na mtumiaji akaambiwa achukue furushi zima au aliache.

Kwa nini yafungwe hivyo? Siwezi kuingia ndani ya vichwa vya watu wa California. Naweza tu kusoma hesabu zao. Mwaka 2023 zaidi ya robo tatu ya mapato ya Alphabet, kampuni mama ya Google, yalitokana na matangazo. Na naweza kulinganisha ahadi mbili. Januari 2020 Google iliahidi kwamba ndani ya miaka miwili Chrome ingeacha kupokea vidakuzi vya wahusika wa tatu, yaani vile vinavyowawezesha wenye matangazo kukufuata kutoka tovuti moja hadi nyingine. Ahadi ikasogezwa mbele, ikasogezwa tena, na Julai 2024 ikatangazwa kwamba vidakuzi hivyo havitaondolewa. Wapo watakaonikumbusha kwamba wasimamizi wa ushindani wa Uingereza na washindani wa Google katika biashara ya matangazo walikuwa na pingamizi zao. Walikuwa nazo. Ila mwisho wa yote, katika mwaka uleule wa 2024, badiliko ambalo lingewabana wafuatiliaji lilitelekezwa, na badiliko linalowabana wazuiaji likaanza kutekelezwa.

Nirudi kwenye usalama, kwa kuwa watumishi wa umma hunisoma na neno hilo kwao ni zito. Desemba 2022 FBI ya Marekani iliwatahadharisha wananchi kuhusu matapeli wanaonunua matangazo katika injini za utafutaji, wakijifanya makampuni halali, ili wanaobofya waangukie kurasa bandia. Kati ya kinga ilizozipendekeza, mojawapo ilikuwa kutumia kiendelezi cha kuzuia matangazo. Polisi wanasema weka mlinzi. Mwenye kivinjari anapunguza uwezo wa mlinzi na kuita jambo hilo usalama.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito wa mfukoni pia. Mwanafunzi anayeunganisha kompyuta yake na simu kwa bando la siku moja analipia kila picha ya tangazo inayoshuka, kila video inayojichezesha yenyewe, kila kipande cha msimbo kinachopeleka habari zake asikokujua. Hakuviomba. Anavilipia kwa kipimo kilekile anacholipia makala aliyotumwa na mhadhiri wake kuisoma. Na kwa mwanaharakati, kufuatiliwa si bughudha ya kuonyeshwa viatu alivyovitazama jana. Orodha ya kurasa alizosoma ni ramani ya mawazo yake, na ramani ikishachorwa hujui nani ataikunjua.

Lazima nikiri jambo linaloifanya hoja yangu iwe na aibu kidogo. Wengi wa wanafunzi wangu hawakunyang'anywa chochote, kwa sababu Chrome ya simu za Android haikuwahi kupokea viendelezi kabisa. Haki ninayoililia ilikuwa ya wenye kompyuta. Wenye simu tu, ambao ndio umma wenyewe, hawakuwahi kuionja. Firefox ya Android huvipokea, na tangu Desemba 2023 imefungua mlango huo kwa upana. Nilipowauliza darasani ni wangapi waliijua habari hiyo, mikono mitatu iliinuka.

Basi hamieni huko, husema mwenzangu, soko ni huru. Hili ndilo jibu linalonichosha kuliko yote. Edge, Opera na Brave zote zimejengwa juu ya Chromium, msingi uleule wa Chrome. Brave, kwa kustahili sifa, ina kizuizi chake cha ndani kisichotegemea viendelezi. Hiyo Firefox yenyewe huishi kwa sehemu kubwa kwa fedha inazolipwa na Google ili injini yake ya utafutaji iwe ya kwanza humo. Agosti 2024 Jaji Amit Mehta wa mahakama ya shirikisho mjini Washington aliamua kwamba Google ililinda ukiritimba wake wa utafutaji kinyume cha sheria. Serikali ya Marekani ikaomba Chrome iuzwe. Septemba 2025 jaji huyohuyo akakataa. Soko ambalo mshindani wako hulipiwa chakula na wewe lina uhuru wa aina yake.

Wenye umri wangu wanaikumbuka Internet Explorer 6. Ilitoka mwaka 2001, ikaitawala intaneti, na Microsoft haikuona haja ya kutoa toleo la 7 hadi mwaka 2006. Tuliulaumu ukiritimba ule kwa usingizi wake. Nadhani ndiyo maana kizazi chetu kilizoea kudhani kwamba matoleo mengi ni dalili ya afya. Chrome hutoa toleo kubwa kila baada ya majuma machache, na katika mwendo huo hakuna anayesimama kuuliza kilichotolewa ndani wakati kingine kinaongezwa.

Ninachokidai ni kidogo, na wahusika wanaweza kukifanya bila kumsubiri jaji wa Washington. Ofisi ya umma inaponunua mfumo wa mtandaoni, mkataba useme mfumo ujaribiwe katika vivinjari vyenye injini angalau mbili tofauti, ili mtumishi au mwananchi asilazimishwe kutumia kimoja. Wasimamizi wa mifumo, ambao uwezo ule wa kuzuia umebakizwa mikononi mwao, wautumie kuwalinda watumishi wao kabla haujaondolewa nao. Na maabara za vyuo vyetu, kikiwemo ninachofundisha, ziweke Firefox kando ya Chrome katika kila kompyuta. Mwenzangu wa sayansi ya kompyuta ndiye mjumbe wa kamati inayoamua hilo. Nimemwandikia barua rasmi, na nakala nimempelekea mkuu wa kitivo.