Mzigo wa Mwenye Nyumba katika Hati ya Bima

Wanachama wetu waliopata kufika Tabora huenda wameliona tembe la Kwihara, alikokaa Dr. Livingstone mwaka 1872 akingojea wapagazi kutoka pwani. Mpagazi wa njia ile alichukua mzigo wa kama frasila mbili, na aliujua uzito wake kabla ya kuondoka. Sisi twaona kuwa wengi wetu tukatapo bima ya nyumba hatufanyi hivyo. Twajua ada tutakayolipa kwa mwaka, lakini hatujui mzigo unaobaki begani mwetu.

Mzigo huo ni fungu la kwanza la hasara, ambalo mwenye nyumba hulibeba mwenyewe kabla ya kulipwa chochote. Natutoe mfano. Hati yasema fungu lako ni Sh. 500,000. Moto wa jikoni ukikutia hasara ya Sh. 3,000,000, utalipwa Sh. 2,500,000. Hasara ikiwa Sh. 400,000, hutapata kitu. Hati nyingine husema fungu hilo ni 10 katika kila 100 ya hasara, lakini lisipungue kiasi fulani. Hapo hasara ikikua, na mzigo wako hukua.

Wako wasemao kuwa huo ni wizi. Sisi hatukubali. Madai madogo madogo yangalilipwa yote, ada ya kila mtu ingalipanda. Lakini twasema pia kuwa jambo la haki likifichwa katika maandishi madogo ya Kiingereza hugeuka kuwa hila. Muuzaji wa bima yampasa aseme kiasi hicho kwa Kiswahili, kwa shilingi, kabla ya kupokea fedha.

Mara nyingine utaambiwa: ongeza fungu lako, nasi tutapunguza ada. Mkulima wa karafuu asikimbilie kukubali. Fedha zetu huja kwa msimu, na moto hauna msimu. Jiulize: nyumba ikiungua miezi sita baada ya mavuno, nitaweza kutoa kiasi hicho bila ya kukopa? Ikiwa huwezi, nafuu ya ada haikufai.

La pili ni kinga za hiari. Hati ya kawaida ya moto hukinga moto na radi. Tufani, mafuriko, tetemeko la ardhi na wizi mara nyingi huwa ni nyongeza, na kila moja ina ada yake. Usiponunua, huna. Sisi wa visiwani tusiidharau tufani. Tarehe 15 Aprili 1872, Livingstone akiwa bado Kwihara, tufani iliipiga Unguja, ikaangusha nyumba na mikarafuu isiyo na hesabu. Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko liliwabomolea watu nyumba mkoani Kagera. Mwenye hati ya moto peke yake hakuwa na dai siku hiyo.

Basi je, tununue nyongeza zote? La. Aliye mlimani, mbali na maji, aweza kuacha mafuriko. Lakini mwenye paa la bati asiache upepo. Kwanza kinga lile ambalo likitokea huwezi kusimama tena. Vya kuvunjika vidogo vidogo vibebe mwenyewe.

Neno moja zaidi. Nyumba ya Sh. 40,000,000 usiiandikishe kwa Sh. 20,000,000 ili kupunguza ada. Hati nyingi zasema kuwa aliyekinga nusu atalipwa nusu. Hasara ya Sh. 8,000,000 itahesabiwa Sh. 4,000,000, kisha likatwe fungu lako la Sh. 500,000. Utarudi nyumbani na Sh. 3,500,000, na kazi ya fundi ni ya milioni nane.

Kwa hiyo twawaomba wanachama waulize mambo matatu kabla ya kutia sahihi: fungu langu ni kiasi gani kwa kila aina ya hasara? Nyongeza zipi zimo, na zipi hazimo? Thamani iliyoandikwa yatosha kujenga upya leo? Majibu yaandikwe. Akikataa kuyaandika, nendeni kwa mwingine. Ikizuka kutoelewana, iko Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, na yuko Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Lakini hao nao watasoma kilichoandikwa, si kilichosemwa barazani.

Nasi twaona chama chetu kina wajibu hapa. Kamati yetu yafaa iyatake mashirika ya bima yatoe hati kwa Kiswahili kwa wakulima, na jambo hili liingie katika ajenda ya mkutano mkuu. Hadi hapo, mwenye hati asiyoielewa asione haya: aje nayo ofisini, isomwe mbele yake kabla ya masika.