Likizo ya Juni, njooni Unyambwa

Ndugu zangu mnaoanza kuhesabu siku za likizo, nawaombeni mambo mawili: mje Unyambwa, Singida, na mje Juni.

Nayajua mazoea yetu. Sisi watu wa Singida tuliotawanyika Dar es Salaam, Arusha na Mwanza hurudi nyumbani Desemba, kwa ajili ya Krismasi na kwa kuwa shule zimefungwa. Lakini Desemba mvua zimeanza, kila mwenye jembe yuko shambani, na nafaka ghalani inaelekea kuisha. Mama anayetupokea huacha kupanda ili atupikie, kisha anapika kile alichokuwa amekipima kimfikishe hadi mavuno. Singida ina msimu mmoja tu wa mvua, na siku za kupanda zikipita hazirudi hadi mwaka mwingine.

Juni shule hufungwa pia, na hapo chakula kipo. Mtama na uwele vinavunwa, alizeti inapurwa, kuku wanaokota punje zilizomwagika uwanjani. Mji wa Singida uko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari na upepo wake hauna mzaha, kwa hiyo wabebeeni watoto sweta. Mtakula ugali wa mtama uliovunwa mwaka huohuo, kwa mlenda na maziwa mgando. Mtakula na yule kuku wa kienyeji ambaye watu wa Dar humpata akiwa ameshasafiri usiku kucha ndani ya tenga. Nyama yake inataka moto wa taratibu, msimharakishe mpishi.

Na mlipe, hata kama mpishi ni shangazi. Kuku mmoja ni miezi ya kulisha, kuchanja na kufukuza mwewe, na kwa akina mama wengi kuku ndio fedha ya madaftari na sare za shule. Mgeni anayekula bure siku nne amekula akiba ya nyumba. Atakayeondoka na dumu la mafuta ya alizeti alilolinunua kwa bei halali ameacha kitu.

Kuhusu kulala, msiwe na wasiwasi. Unyambwa ni kata ya Manispaa ya Singida, hivyo anayetaka gesti atalala mjini na kushinda Unyambwa. Akiwa mjini aende akaone maziwa ya Singida na Kindai, yenye maji ya chumvi, ambako heroe huonekana. Apite pia Uwanja wa Liti, zamani Namfua, awasimulie watoto habari za Liti, mwanamke wa Kinyaturu anayekumbukwa kwa kuwakabili Wajerumani kwa nyuki. Anayetaka kulala nyumbani kwa watu alale, mradi mwenyekiti wa mtaa ajulishwe.

Sasa nizungumze na ninyi dada na kaka mlioko Unyambwa. Msifiche ugali wa mtama. Nimeona mara nyingi mgeni akifika, mtoto anatumwa dukani kufuata mchele na soda, na mlenda unabaki jikoni kama jambo la aibu. Huyo mgeni mchele anao kwao. Alichokifuata ni kile mlichokificha. Mpeni chumba kilichofagiliwa, neti isiyo na matundu, maji ya kuoga na choo chenye mlango unaofungika, hayo yanatosha. Ninawasihi msikope fedha kwa ajili ya vigae.

Wenzetu wamelifanya hili la kuwalisha wageni chakula cha nyumbani. Mto wa Mbu, karibu na Ziwa Manyara, utalii wa kitamaduni ulianza kupangwa katikati ya miaka ya 1990, na hadi leo watalii wanaokwenda mbugani husimama pale kula chakula kilichopikwa na akina mama wa mji huo. Italia ilitunga sheria mwaka 1985 inayowaruhusu wakulima kulaza wageni shambani na kuwalisha mazao yao wenyewe. Singida tuna barabara ya lami kutoka Dodoma, na tangu 2024 treni ya SGR inawafikisha abiria wa Dar hapo Dodoma, kilomita zipatazo 240 tu kutoka kwetu. Kilichobaki ni sisi kuamua.

Basi ombeni ruhusa kazini mapema, na wiki moja kabla ya safari mpige simu. Semeni mko wangapi, watoto ni wangapi, nani hali nini, na mtalala wapi. Kuku wa kienyeji hukamatwa alfajiri kabla banda halijafunguliwa. Ukiagiza saa nne asubuhi wameshatawanyika mashambani, na mama wa watu atashinda anakimbia juani.