Majeshi huunganishwa na amri moja

Ndugu mwandishi, makala yako kuhusu kuwaunganisha wapiganaji katika jeshi la Kongo imelipita haraka jambo moja. Baada ya mapatano ya amani ya Sun City, mpango wa kuwachanganya wapiganaji, ulioitwa brasaji, ulichukua watu wa pande zote, pamoja na kundi la APC la huku kwetu Beni na Butembo, ukawafunza pamoja na kuwatuma mbali na kwao. Ulikuwa na kasoro, hasa mishahara iliyopotelea njiani, lakini ulilegeza utii wa zamani. Mwaka 2007 watu wa jenerali mwasi Nkunda wakapewa mpango mwingine, miksaji: walibaki Kivu Kaskazini, chini ya makamanda wao. Mwaka haukuisha, ikavunjika. Mapatano ya Machi 23, 2009 kati ya serikali na kundi hilo la Nkunda yakarudia njia ileile, na walioasi 2012 wakajiita M23 kwa tarehe hiyo.

Sasa kuna Wazalendo, wanamgambo wanaopigana upande wa serikali, na sheria ya 2023 ya jeshi la akiba inayoweza kuwaingiza jeshini. Sisi wa Kyavinyonge, tunaoishi kwa samaki wa Ziwa Edward, tunauliza: mwenye bunduki akimtoza mvuvi kodi, tumshitaki kwa nani? Kila kundi likibaki na mkubwa wake, hakuna jeshi moja. Kwanza wapiganaji hao wasambazwe, kisha walipwe kwa orodha moja.