Umri wa Tairi na Mteremko wa Newala

Katika wilaya za Masasi na Newala pikipiki kuukuu hutunzwa kama mali ya ukoo: injini hufunguliwa na kufungwa upya, mnyororo hubadilishwa, kiti hushonwa. Tairi peke yake ndilo hununuliwa kwa macho. Mnunuzi hulibonyeza kwa kidole gumba, husifu urefu wa kashata zake, huuliza bei, basi. Desturi hiyo yafaa ikosolewe na wenye elimu ya sayansi kabla haijakosolewa na mteremko.

Raba huzeeka hata isipotembea. Oksijeni na ozoni ya hewani hushambulia vifungo vya molekuli zake, na joto na jua huharakisha kazi hiyo. Tairi lililoning'inizwa miaka minane mlangoni mwa duka laweza kuwa na kashata kamili, na huku limekuwa gumu na lenye nyufa ubavuni. Kulitambua si kazi ngumu. Mwishoni mwa maandishi yaanzayo na herufi DOT, matairi yaliyotengenezwa tangu mwaka 2000 huwa na tarakimu nne, mbili za juma na mbili za mwaka. 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza aweza kuzisoma, ila aghalabu hajaambiwa kwamba zipo.

Ubavuni huohuo husomeka, kwa mfano, 3.00-18 47P. Upana ni inchi 3, rimu ina kipenyo cha inchi 18, namba 47 ni kilo 175 ambazo tairi laweza kubeba, na P ni mwendo wa kilomita 150 kwa saa. Msimu wa korosho, gunia likiwa nyuma ya mwendeshaji, namba ya uzito ndiyo ya kuchunguzwa. Herufi ya mwendo, kwa pikipiki ya umri huo, ni pambo tu. Wako wanaofunga tairi pana kuliko rimu wakidhani wameongeza nguvu. Rimu nyembamba hulibana tairi hilo, umbo lake huharibika, na pengine hukwaruza mnyororo.

Ubishi mkubwa uko kwenye kashata. Juu ya uwanda wa Makonde udongo ni wa kichanga, na kashata kubwa zilizoachana hufaa. Masasi, kwenye barabara kuu ya lami, kashata hizo hugusa ardhi kwa sehemu ndogo, hulegalega kwenye kona, na huisha upesi. Kwa mtu anayekwenda kote kuwili, tairi la kashata za wastani ndilo la busara, na mchanga aukabili kwa upepo. Gurudumu lililobeba nyutoni 1,200, likiwa na kilopaskali 200, hukanyaga takriban sentimita za mraba 60. Upepo ukipunguzwa hadi 150, hukanyaga 80. Mwalimu wa fizikia aweza kulithibitisha hilo uani mwa shule kwa unga wa chaki na karatasi ya miraba. Lakini kwenye lami na mawe upepo urudishwe, maana tairi legevu hupata joto, na rimu hupinda.

Itasemwa kwamba mkulima hana fedha za matairi mawili kwa pamoja. Ni kweli, na hapo ndipo kosa kubwa hutendeka: hununua la nyuma, kwa kuwa ndilo linaloisha upesi, na la mbele huachwa lizeeke mahali pake. Sasa mtu huyo anashuka kutoka Newala kuelekea Masasi, amebana breki, na uzito wote unaelemea mbele. La nyuma likiteleza, pikipiki hupepesuka na mara nyingi mwendeshaji huwahi kuiweka sawa. La mbele likiteleza, huwa tayari yu chini.